Liti na Kinjeketile: Nguvu Inayopitia Kwenye Shaka

Mjini Singida jina la Liti limekuwa likitamkwa ligi kuu ya soka inapochezwa huko. Uwanja uliokuwa ukiitwa Namfua siku hizi ni Uwanja wa Liti, na watangazaji wa redio hulitaja jina hilo mara nyingi ndani ya dakika 90 bila kueleza ni la nani. Wanyaturu hawahitaji kuelezwa. Liti ndiye mwanamke wao aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Hadithi hiyo, kwa namna inavyosimuliwa kwa wageni na watoto wa shule, ni fupi sana: Wajerumani walikuja na bunduki, Liti akawatuma nyuki, askari wakatawanyika, na baadaye bunduki zikashinda. Huko kusini mwa nchi alikuwapo mtu mwingine wa zama hizohizo, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, ambaye naye aliwakabili Wajerumani kwa kitu kisicho chuma. Cha kwake kilikuwa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na vita vilivyofuata vikaitwa Majimaji. Lakini Kinjeketile alibahatika kupata mwandishi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, na tangu hapo sura tunayoiona tunaposikia jina hilo ni ya yule wa jukwaani. Nawaweka wawili hawa bega kwa bega kama wahusika, kwa kuwa swali ninalolishughulikia ni la fasihi: udhaifu wa mhusika na nguvu yake ya ndani vinahusianaje? Jibu ninalolitetea ni kwamba Kinjeketile ana nguvu ya ndani tunayoweza kuitambua na kuipima kwa sababu mwandishi alithubutu kumwonyesha akiyumba. Liti, ambaye silaha yake ilikuwa bora kuliko ya mwenzake, amebaki mhusika asiye na undani, na waliomnyima undani huo ni sisi tunaomsimulia.

Ugumu wa kuliona jambo hili unaanzia darasani. Mwanafunzi wa kidato cha tano anapoulizwa kuhusu mhusika, amezoeshwa kuorodhesha sifa: huyu ni jasiri, ni mzalendo, ana msimamo thabiti, ni mfano wa kuigwa, yule ni mwoga, ni msaliti, hafai kuigwa. Uimara huwekwa upande mmoja na udhaifu upande wa pili, kana kwamba ni mali ya watu wawili tofauti. Orodha za namna hiyo husaidia katika mtihani na huharibu usomaji. Zinamfanya msomaji aamini kwamba ujasiri ni kitu ambacho mhusika anacho tangu ukurasa wa kwanza, kama urefu au rangi ya macho, ilhali katika kazi nzuri ujasiri hutokea mbele ya macho yetu na ungeweza usitokee. Mhusika ambaye hakuwahi kuwa na sababu ya kurudi nyuma hatujui kama alikwenda mbele kwa hiari yake. Udhaifu ninaouzungumzia hapa basi si woga wala tabia mbaya. Ni ile sehemu ya mtu ambako anaweza kuvunjika, na ambako yeye mwenyewe anajua kwamba anaweza kuvunjika.

Mtazame Kinjeketile wa Hussein. Tamthilia inafunguka kwa njaa. Wanawake wanalalamikia chakula kilichoadimika huku waume zao wakisukumwa kwenda kulima pamba katika shamba la mkoloni, na msimamizi wa huko hajui huruma. Watu wamevunjika moyo, na wanatiliana shaka kikabila: Mmatumbi, Mrufiji, Mngindo na Mzaramo kila mmoja ana kisa chake na mwenzake. Katikati ya hali hiyo Kinjeketile anapandwa na mzimu wa Hongo na kutoka mtoni na maji yatakayowaunganisha watu hao. Mpaka hapo ni hadithi ya mtume wa ushindi, na mwandishi wa kawaida angeendelea na ngoma na vifijo hadi mwisho. Hussein anafanya jambo jingine. Katika unabii uleule unaotangaza kushindwa kwa Mjerumani, anatia maneno yanayosema kwamba baada ya vita watu watakuwa wa Seyyid Said, yaani wa Sultani wa Zanzibar. Umati hausikii neno hilo, au unalisikia na kulipita, kwa kuwa umeshika lile la ushindi. Kinjeketile mwenyewe, akili zinapomrudia, hawezi kulipita. Anajiuliza ni nani aliyesema kwa kinywa chake, na kama ni kweli alichaguliwa au alitumiwa, na itafaa nini kumtoa bwana mmoja ili kumpa nafasi bwana mwingine.

Hapo ndipo tamthilia inapopata uzito wake. Mtu aliyewapa wengine imani anakosa imani. Anachelewesha ruhusa ya vita, anajitenga, anawaomba watu wasubiri, na kusubiri kwake kunaonekana kwa wapiganaji kama woga. Kitunda, mwenye jukumu la kuwafunza watu vita, ana akili ya kijeshi iliyotulia, na msomaji akiwaweka wawili hao pamoja anaweza kudhani Kitunda ndiye imara. Kinjeketile anaona kwamba neno limetoka mikononi mwake: alilizaa yeye, lakini sasa limekuwa kubwa kuliko aliyelizaa, na halimsikilizi tena. Sijui tamthilia nyingine ya Kiswahili inayoonyesha kwa uchungu kiasi hiki upweke wa kiongozi anayeshangiliwa. Na kushangiliwa kwenyewe kunazidisha udhaifu wake, maana hana mtu wa kumwambia kwamba ana shaka. Akimwambia yeyote, umoja wa makabila uliojengwa juu ya maji unabomoka siku hiyohiyo.

Kisha vita vinakuja na kwenda, maji hayazuii risasi, na Kinjeketile anatiwa mikononi mwa Wajerumani. Wanamtaka jambo dogo tu: akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, aliye kifungoni pamoja naye, anaona kwamba kukiri huko kungekuwa kusema kweli tupu, na kweli ni kwamba watu wamekufa. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akikiri, Wajerumani watawafundisha watoto na wajukuu kwamba kupigana kulikuwa kosa, na kwamba kuna siku ambayo watu watalihitaji neno lile tena. Mtu aliyelitilia neno lake shaka kuliko wote, wakati wote waliliamini, analishika wakati wote wameliacha. Anapolishika halishiki tena kama habari kuhusu maji na risasi. Analishika kama haki ya watu kukataa kutawaliwa. Asingeweza kulivuka daraja hilo bila zile siku za kuyumba, kwa sababu ni kuyumba ndiko kulikomfundisha kutofautisha neno na maji yaliyolibeba.

Historia inatupa kipimo kizuri cha kuonyesha kwamba jambo hili ni la makusudi. Kinjeketile wa kweli alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuwaka Umatumbi. Shambulio la ngome ya Mahenge, ambako bunduki za rashasha ziliwaangusha wapiganaji kwa mamia, lilitokea tarehe 30 Agosti. Yaani mtu yule alikufa kabla ya kushindwa kukuu. Hakuishi kuona vita vikiendelea hadi 1907, wala njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Hussein alijua hayo, maana alikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati wanahistoria wa chuo hicho walipokuwa wakikusanya masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji, na katika maelezo yake ya mwanzo anasema wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu. Alimwongezea mhusika wake umri, na hakufanya hivyo ili afurahie ushindi. Alimwacha aishi ili ashuhudie maji yakishindwa, kwa sababu bila ushahidi huo nguvu ya mtu huyu isingepata pa kujaribiwa.

Wapo watakaosema kwamba ninakiita nguvu kitu ambacho ni ukaidi. Watu waliingia vitani wakiwa wamepakwa maji wakiamini watapona, wakafa. Na aliyewapa maji, alipopata nafasi ya kusema kweli, alinyamaza. Pingamizi hili ni zito na tamthilia yenyewe inalijua, ndiyo maana imemweka Kitunda pale. Nakubali nusu yake. Kuna deni ambalo Kinjeketile hawezi kulilipa, na tukimgeuza mtakatifu tutakuwa tumeisoma tamthilia vibaya. Lakini anayedai kweli pale gerezani ni nani, na anaitaka kwa ajili ya nini? Afisa wa Kijerumani hawalilii waliokufa. Anataka kukiri huko ili akitumie, na kweli inayotolewa kwa amri ya mtesaji ili iwafunge wengine ina kazi tofauti na kweli anayoambiwa mjane na mtu aliyemkosea. Tena historia ilikuja kumpa mhusika huyu haki kwa kiasi fulani. Desemba 1956 Julius Nyerere, akizungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, alirejea Vita vya Majimaji kama ushahidi kwamba watu wa nchi hii hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Hussein aliandika akiwa amesimama upande huu wa historia, na ndiyo maana alimpa mhusika wake macho ya kutazama mbali. Ukaidi haujiulizi unachokishikilia kina thamani gani. Kinjeketile alijiuliza hadi akakonda.

Sasa turudi katikati ya nchi. Unyaturu wa wakati wa Liti haukuwa na mfalme. Watafiti walioishi huko, akiwemo Harold Schneider aliyeandika juu ya Wahi, tawi la Wanyaturu, katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, wanaeleza jamii ya koo na vijiji isiyokuwa na mtemi mmoja wa kuwaamuru wote. Machifu wakubwa walikuja na serikali ya kikoloni. Wajerumani walikuwa wameshajikita Kilimatinde katika miaka ya 1890, njiani kuelekea Tabora, na baadaye wakajenga boma Mkalama upande wa Iramba. Katika nchi ya namna hiyo, yenye miamba mikubwa, mvua haba na watu wasiozoea kupokea amri kutoka juu, mwanamke asiye na kiti aliwezaje kufuatwa? Hili ndilo swali la kwanza ambalo mwandishi wa tamthilia angejiuliza, nalo linamsogeza Liti karibu na Kinjeketile kuliko lile la silaha. Wote wawili hawakuwa na cheo cha kuwalazimisha watu. Walichokuwa nacho ni neno lao, na watu kuliamini. Uongozi wa namna hii hauna akiba. Mfalme akishindwa vita moja bado ni mfalme, lakini mtu anayeongoza kwa kuaminiwa akishindwa mara moja anaweza kubaki peke yake kabla jua halijazama.

Masimulizi tunayoyasikia hayaligusi hilo. Yanamruka Liti mwenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye nyuki, na nadhani najua sababu. Nyuki ni silaha ya kweli. Hakuna anayehitaji imani ili aamini kwamba kundi la nyuki linaweza kuwatimua askari. Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka baharini, nyuki waliochokozwa na mapigano waliwavamia askari wa jeshi la Kihindi na kuwavuruga, na hadi leo kuna wanaoviita vita vile vita vya nyuki. Huko kulikuwa ni ajali tu. Unyaturu tunaambiwa palikuwa na mtu aliyewaongoza. Mkoa wa Singida, hasa Manyoni na vichaka vya Itigi, bado unasifika kwa asali, na mtu wa huko anajua nyuki aliyekasirika ana maana gani. Kwa hiyo msikilizaji wa hadithi ya Liti hafiki kamwe mahali ambako msomaji wa Kinjeketile analazimika kufika: mahali pa kuuliza kama kiongozi aliwadanganya watu wake. Maji yalishindwa mbele ya kila mtu, na kushindwa huko kukamlazimisha mwandishi amtafute Kinjeketile ndani yake, kwa kuwa nje hakukuwa na kitu kilichobaki cha kusifu. Nyuki waliuma kweli, na kwa kuwa waliuma, wasimulizi hawakuona haja ya kumtafuta Liti mahali pengine. Ushindi wa silaha yake umemfunika.

Na bado, ukiwachunguza nyuki wenyewe, humo ndani kuna mtu anayesubiri kuandikwa. Nyuki mtendakazi akishamchoma binadamu mwiba wake hubaki kwenye ngozi, naye hufa. Anayewatuma nyuki vitani anawatuma wafe, kila mmoja kwa pigo moja, na anayewafahamu analijua hilo kabla ya kuwatuma. Tena nyuki hawamjui adui wa kisiasa: wanamuuma askari, na wanamuuma mtoto na ng'ombe aliye karibu. Usiku hawafai kutegemewa. Moshi huwatuliza na kuwarudisha nyuma, na kila mrina asali anajua hivyo, kwa hiyo siri ya kuwashinda ilikuwa mkononi mwa jirani yeyote wa Liti ambaye angetaka kuiuza. Kazi ya kutundika mizinga na kurina, katika sehemu nyingi za nchi yetu, imehesabiwa kuwa ya wanaume. Mwanamke aliyejulikana kwa nyuki alikuwa ameingia katika ujuzi ambao huenda si wote walifurahi kumwona nao. Sisemi kwamba Liti wa historia alipitia haya yote. Ninachosema ni kwamba kila moja ya mambo haya ni ufa ambao kupitia kwake nguvu ya ndani ingeonekana. Je, aliwaza nini alipojua kwamba silaha yake ina mwisho na bunduki zitaletwa nyingine? Alimwambia nini mzazi ambaye mwanawe aliumwa na nyuki wake? Alipoona moshi upande wa askari kwa mara ya kwanza, akajua kuna aliyesema, aliendelea kwa sababu gani?

Msomaji makini ataniambia kwamba nawalinganisha wasiolingana. Kinjeketile ni tamthilia ya kisasa, iliyoandikwa na msomi mmoja aliyeifahamu drama ya Ulaya. Liti ni masimulizi ya jamii, na masimulizi ya mashujaa kokote duniani hayashughuliki na mawazo ya ndani ya shujaa. Kwamba huyu ana undani na yule hana ni tofauti ya utanzu, na si kosa la mtu. Ningekubali kama tusingekuwa na Fumo Liyongo. Liyongo ni shujaa wa masimulizi ya pwani kwa karne nyingi kabla Muhamadi Kijumwa hajamtungia utenzi mwaka 1913, na amejaa nguvu za mwili zinazopita kiasi: haangushwi na silaha, adui humkimbia kwa kuiona tu sura yake. Wengi hukumbuka udhaifu wake wa mwili, kwamba aliweza kuuawa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni tu. Udhaifu huo ni wa juu juu, ni siri ya kufungulia mlango basi. Wenye uzito ni ule mwingine. Mwanawe anapokuja kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumwua, Liyongo anashuku kwamba kijana ametumwa na ameahidiwa malipo, na bado anamjibu. Hapo shujaa ni baba, na ubaba ndio unaomfungua. Dakika hiyo moja ina undani kuliko vita vyake vyote, na wasimulizi wa pwani waliihifadhi. Fasihi simulizi inaweza basi. Iwapo hadithi ya Liti tunayoisikia leo haina dakika kama hiyo, inawezekana ilikuwa nayo na ikapunguzwa njiani kila ilipopita katika hotuba ya sherehe, kitabu cha mazoezi na bango la utalii. Hadithi inayosimuliwa ili kusifu mkoa hukatwa kila kisichosifu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine. Wanawake wa Afrika wameitwa dhaifu vya kutosha, na sasa amepatikana mmoja ambaye jina lake ni nguvu tupu, mtu anataka kumpa shaka na machozi. Kwa nini asiachwe imara kama alivyo? Swali hili lina haki yake, na mwandishi atakayemwandika Liti alale nalo kila siku kabla ya kushika kalamu. Jukwaa letu limeshaonyesha hatari yake. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, wanawake wanaopaswa kuisimamisha nguzo wanashindwa, wakivutwa na mizozo na mizigo waliyotwikwa. Ni tamthilia ya kweli na yenye hasira ya haki, lakini mtazamaji mvivu hutoka akisema wanawake hawaelewani. Ndiyo maana aina ya udhaifu ni jambo la kuchaguliwa kwa uangalifu. Liti akipewa udhaifu wa kike kwa maana ile ya zamani, apende askari adui, azimie, aokolewe na ndugu yake, tutakuwa tumemwua mara ya pili. Shaka ya Kinjeketile si ya jinsia wala ya mwili. Ni shaka ya mtu aliyebeba maisha ya wengine na anajua uzito wake. Shaka hiyo ni heshima, na kumnyima mwanamke kiongozi shaka ya namna hiyo ni kumwambia kwamba hakufikiri, kwamba alikuwa chombo cha miujiza na akili haikuhusika. Kama Wajerumani walimwona mchawi, walimwona hivyohivyo. Kumsifu kwa uchawi wa nyuki peke yake ni kuendeleza macho yao kwa sauti ya shangwe.

Nalisema hili nikijua kuna wazee watakaoona kwamba shujaa wa ukoo si kitu cha kuchezewa na mtunzi wa mjini. Heshima hiyo inapaswa kusikilizwa, nayo haizuii kazi. Hussein alionyesha njia: alitenganisha waziwazi Kinjeketile wa historia na wa jukwaani, akasema wake ni wa ubunifu, na hakuna ukoo wa Ngarambe uliopoteza babu yake kwa tamthilia hiyo. Kilichotokea ni kinyume. Watu wengi nje ya Rufiji na Kilwa wanamjua Kinjeketile kwa sababu kuna kitabu, na kitabu kimewapeleka baadhi yao kwenye historia. Kulinda jina kwa kukataa lisiguswe kunaweza kuliacha liwe jina tu, likitamkwa na watu ambao hawawezi kusema jambo la pili kuhusu mwenyewe.

Kuna sadfa moja inayoonyesha njia hizi mbili zilipoachana. Mwaka huohuo wa 1969 ambao Oxford University Press ilichapisha Kinjeketile, mtafiti Marguerite Jellicoe alichapisha makala kuhusu upinzani wa Wanyaturu katika jarida la Tanzania Notes and Records. Kusini walipata tamthilia ya Kiswahili iliyoigizwa na kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Unyaturu walipata makala ya Kiingereza katika jarida la wasomi. Makala ile ina thamani yake, ila makala haiwezi kumfanya kijana wa Ikungi au Ilongero asimame mbele ya wenzake na kusema kwa kinywa chake maneno ya Liti, ajaribu kuyaamini, na ashindwe kidogo. Ndicho kilichowatokea vijana wengi waliowahi kuigiza Kinjeketile, na ndicho ambacho jina la uwanja halitoi.

Kwa mtazamo wangu, atakayeandika asianze na nyuki. Aanze na hali ya kuongoza bila kiti katika nchi isiyozoea amri, na aandike akiwa ameketi kwanza na wasimulizi wa Kinyaturu, hasa wanawake, maana hadithi ya mwanamke ikipita kwa wanaume peke yao hubadilika njiani. Masimulizi hayo yarekodiwe kwa Kinyaturu kabla ya kuingizwa katika Kiswahili, yakiwa na tofauti zake zote za kijiji na kijiji, kwa sababu tofauti hizo ndizo zitakazomwonyesha mtunzi wapi watu wenyewe hawakukubaliana juu ya Liti. Pale wanapopingana, mmoja akisema alijua atashindwa na mwingine akisema hakujua, ndipo mhusika anapoanzia. Nyuki waingie baadaye, wakati mtazamaji ameshamjua mtu anayewatuma na ameshaogopa kwa ajili yake. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa walimu wa Kiswahili, vikundi vya sanaa na maofisa utamaduni wa wilaya za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni, na haihitaji kusubiri mtunzi mashuhuri atoke Dar es Salaam. Inahitaji kuanza mapema, wakati waliosimuliwa na bibi zao wangali wanaweza kuulizwa maswali ambayo hadithi fupi haijawahi kuyajibu.